Kahawa Niliyoikaanga na Maganda Yake

Baba mkwe wangu alikunywa kahawa mbaya kwa miezi saba, kila asubuhi, bila kulalamika, na aliyeikaanga kahawa hiyo ni mimi. Leo naliandika hili huku nacheka. Wakati ule ungenikuta uani kwangu Masasi ningekuapia kwamba mji mzima hauna kahawa kama yangu, na hapo nisingekuwa mwongo.

Nilianza kwa sababu ya vidole. Kiwanda cha korosho nilichokuwa nikifanya kazi ya kuchambua kilisimama, tukarudishwa majumbani na ahadi za kuitwa tena, nami kama wenzangu nikaanza kubangua korosho uani. Unazikaanga na maganda yake kwenye karai lililotobolewa mpaka zishike moto, unazizima kwa mchanga, kisha unakaa na jiwe kuzigonga moja moja mpaka kiini kitoke. Ganda la korosho lina mafuta yanayokula ngozi. Tulijipaka majivu, tukajifunga vitambaa, lakini mafuta yale hayana adabu. Baada ya misimu miwili ngozi ya vidole vyangu ilikuwa ikibanduka vipande vipande. Nilikuwa siwezi kukamua ndimu, siwezi kumsugua mtoto mgongo bila kuuma meno. Nikajiapiza nitafute kitu kingine cha kukaanga, maana kukaanga ndiyo kazi niliyoijua.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Zamani kila zao lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa chama cha ushirika au bodi. Mara tukaambiwa soko ni huria, na kila mwenye gunia na mizani akawa mnunuzi. Mume wangu alikuwa akiendesha lori la tajiri mmoja wa pale mjini, akipeleka chumvi na samaki wakavu Songea kwa ile barabara ya Tunduru, ambayo masika ilimlaza mtu njiani siku nne akila mihogo ya kuomba. Safari moja akarudi na nusu gunia la buni kutoka Umatengo, huko milimani ng'ambo ya Songea. Alisema wakulima wanauza mlangoni kwao kwa yeyote anayesimama, wala hakuna wa kukuuliza unakwenda nayo wapi. Yeye alidhani tutaiuza kama ilivyo tupate faida kidogo. Mimi nilipoliona lile gunia niliona vidole vyangu vikipona.

Baba mkwe alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa kibarazani, upande wa barabara, na kila asubuhi wazee wenzake wanne au watano walikuja kuketi kwenye mkeka pembeni yake, wakazungumza naye huku anapiga pindo za kanzu. Mzee aliyekuwa akiwapitishia kahawa alikuwa amehamia Mtwara kwa mwanawe. Nikaona hapo ndipo pa kuanzia. Lakini ujue kwamba kwetu mkwe na mkwe hawazoeani. Miaka tisa niliyokaa kwenye nyumba ile sikuwahi kula mbele yake, wala yeye hakuwahi kuniambia kwamba chumvi imezidi. Nilipiga goti, nikaamkia, akaitikia huku macho yako kwenye sindano, nikaweka birika na vikombe ukingoni mwa mkeka, nikarudi nyuma. Akiwa na neno la kuniambia, alimwambia mkewe, na mkewe aliniambia mimi. Mama mkwe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, Mungu amrehemu, na tangu hapo maneno yake baba mkwe alibaki nayo mwenyewe.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Buni ile ilikuja jinsi wakulima wanavyoiuza: imeoshwa na kukaushwa, lakini ingali ndani ya ganda lake jembamba la rangi ya majani makavu. Mtu wa Umatengo anajua kuwa ganda hilo hutolewa kwanza. Mtu wa korosho anajua kinyume chake: unakaanga kitu na ganda lake, ganda ndilo linalokukingia kiini kisiungue, halafu ndipo unabangua. Sikumwuliza mtu. Ningemwuliza nani, mimi niliyekaanga tangu sijavunja ungo? Nikaimimina chunguni na maganda yake, na chini nikachochea moto wa maganda ya korosho, ambayo kwetu ni kuni za bure na yanawaka kama yamemwagiwa mafuta ya taa. Maganda ya buni yakaungua, mengine yakagandamana na punje, moshi ukanitoa machozi. Nikasugua kwa mikono, nikapepeta kidogo, kilichogoma kutoka nikakitwanga humo humo. Unga ukatoka mweusi tii. Nikaonja ncha ya kijiko, ulimi ukafa ganzi, nikajiambia hiyo ndiyo kahawa chungu yenyewe, isingeitwa hivyo bure.

Wazee wakanywa. Baba mkwe alikunywa cha kwanza, akamiminiwa cha pili, akanywa nacho. Wenzake wakamtazama, nao wakanywa. Nani angetia neno juu ya kahawa ya mkaza mwana wa mwenye kibaraza, wakati mwenyewe anaimeza? Walisema ina nguvu. Mmoja alisema inamfungua kifua. Waliomba niongeze tangawizi, kesho yake niongeze tena, na mama mmoja aliyekuwa akiuza kashata ng'ambo ya barabara akahamia upande wetu, kwa kuwa kashata zake zilikuwa zinakwisha kabla ya saa tatu. Mimi niliyachukua hayo yote kuwa sifa. Wapita njia walipoona wazee wanakunywa wakaanza kununua unga wangu kwa vipimo vya kikopo, na usiniulize walikwenda kuufanyia nini.

Mwezi wa saba, mwenye hoteli mmoja wa Newala alishuka Masasi kununua sukari, akasikia habari za kahawa ya kwa fundi. Hakuwa na nafasi ya kukaa aionje. Aliacha ujumbe kwamba siku ya gulio la wiki inayofuata nimpandishie kiasi. Ikimpendeza atachukua kwangu mwaka mzima, kwani kule juu kuna baridi na watu wanakunywa kahawa mpaka jioni. Nilimtangazia kila mtu. Msimu wa korosho ulikuwa umebakiza kama mwezi uanze. Newala ikinikubali, karai na jiwe nampa jirani na ganda la korosho siligusi tena maishani mwangu. Ikinikataa, narudi kuketi chini na majivu mikononi, na mganga wa zahanati alikuwa ameshaniambia kuwa kidole changu kimoja cha mkono wa kulia hakitavumilia msimu mwingine. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na mimi nilikuwa natembea kifua mbele.

Siku nne kabla ya gulio akaja mtani. Alikuwa Mmakonde wa Newala, mzee mrefu mwenye mabega ya mtu aliyesukuma baiskeli za madumu ya maji kutoka bondeni umri wake wote, na ukoo wake na ukoo wa baba mkwe walikuwa watani tangu enzi za babu zao. Wa kwetu haniulizi mtani ni nani, lakini kwa mwingine niseme: mtani ana ruhusa. Anaingia bila hodi, anakamata kuku, anamwita mke wa mtu mke wake, anamsema mwenye nyumba mbele ya wageni, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Aliketi kibarazani, nikapeleka birika, akavuta funda moja. Kisha akajilaza chali kwenye mkeka, akafumba macho, akakunja mikono kifuani, akamwambia baba mkwe apime kitambaa cha sanda upesi kwa kuwa yeye ndiyo anaondoka.

Wazee walicheka. Sijapata kusikia watu wazima wakicheka namna ile. Kicheko cha miezi saba kilitoka kwa mpigo mmoja. Mmoja ilibidi ashikilie meza ya cherehani asianguke. Nilisimama mlangoni nikamtazama baba mkwe, nikitumaini atanitetea walau kwa neno moja. Alikuwa ameinama anatafuta kifungo chini ya cherehani, na alikitafuta muda mrefu.

Mtani akaamka katika ufu wake, akazunguka nyumba mpaka uani, mahali ambapo mwanamume mwingine asingethubutu kuingia. Akakaa juu ya kinu changu, akaomba aonyeshwe kilichomuua. Nilimsogezea gunia kwa hasira. Akachota buni kiganjani, akachagua moja, akaibana kwa ukucha, ganda likapasuka, ikatoka punje safi ya kijani hafifu. Akaniwekea mkononi.

"Mke wangu," akasema, "kwenu mnapika mchele au mnapika mpunga?"

Nilikuwa nimeshaelewa, na uso wangu ulikuwa unawaka. Akanieleza kwamba ujanani alikwenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya kahawa ya kaskazini, na huko aliyaona yote. Utwange kwanza, akasema, kwa mchi mwepesi, upepete, uzitoe zilizovunjika, ndipo ukaange. Na maganda ya korosho uyaweke mbali na chungu, kwa kuwa kahawa hunywa moshi kabla mtu hajainywa kahawa. Halafu akamkamata jogoo wangu, akamtia kwapani, akaenda zake.

Nilinuna siku mbili. Hasira zangu ziko karibu, hata mume wangu hunibishia hodi akiziona, na safari ile ziliapa sitakaanga tena. Jogoo hakuniuma. Kilichoniuma ni kwamba kibaraza kizima kilijua, miezi saba, na baba mkwe aliyekuwa na kinywa cha kumwambia mteja kwamba kanzu yake imembana hakupata njia ya kunifikishia mimi neno. Nilipeleka chai badala ya kahawa. Akainywa nayo. Siku ya tatu asubuhi vidole vikaniwasha, nikakumbuka kuwa kesho ni gulio. Nikakisogeza kinu kivulini.

Kutwanga sikufundishwa na mtani. Niliuacha mchi uanguke kwa uzito wake, maganda yakaachana na punje, nikapepeta, upepo wa mchana ukayapeleka kwa jirani. Nikachagua punje moja moja juu ya ungo jinsi tulivyofundishwa kiwandani kutenga korosho nzima na vipande, na nikafurahi kwamba ile kazi iliyonitupa ilikuwa imeniachia macho. Nikawasha mkaa. Nilikaanga kibaba kimoja tu, kwa kuogopa kuharibu nyingi, na mpaka leo sizidishi vibaba viwili kwa mara moja. Zikiwa nyingi hazinisikii. Zikawa za manjano, zikaingia hudhurungi, kisha zikaanza kupasuka kwa mlio kama wa bisi. Nikaepua, nikazitandaza, nikazipepea. Jirani aliniita kutoka ng'ambo ya ua akauliza ninapika nini. Nikajipikia birika dogo, bila tangawizi, nikamaliza kikombe kizima peke yangu. Ilikuwa chungu, ndiyo, lakini uchungu wake ulipita na kuacha utamu nyuma ya ulimi. Nililia kidogo, kwa aibu na kwa furaha, na sikujua kipi kilizidi.

Kesho yake nikapanda gari la Newala, debe mapajani, tukakwea ile milima ya kona mpaka tukaingia kwenye ukungu. Newala maji ni ya shida, kila mwenye bati hutega ya mvua na kuyatunza kwenye matangi yaliyochimbwa chini. Mwenye hoteli aliipika kwa maji hayo, mepesi, yasiyo na ile chumvi ya visima vyetu, na kahawa ikatoka nzuri kuliko niliyoinywa uani kwangu. Kikombe cha kwanza alikunywa amesimama. Cha pili akaketi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia viazi, kama ninaweza kupata buni nyingine ya hapo hapo ilipotoka hii. Nikasema naweza, ingawa sikujua kama ninaweza. Niliporudi Masasi nilimpa jirani karai na jiwe kabla sijavua viatu.

Kwa hiyo nikaenda Umatengo mwenyewe, juu ya lori na mume wangu, nikakichafua kila kitenge nilichokuwa nacho. Wanunuzi wapya walikuwa wanamwaga kahawa ya kila mlima ndani ya gunia moja. Mimi nikauliza ya mlima mmoja, ule ule, ya mama yule yule ambaye mume wangu alinunua kwake mara ya kwanza. Watu walinicheka, kahawa ni kahawa. Tulimkuta nyumbani kwake mtelemkoni, mjane mwembamba, chini yake mashamba yamechimbwa mashimo mashimo ya kushika maji ya mvua, mibuni ikizunguka nyumba. Alikuwa amelima kahawa tangu aolewe na hajaionja hata siku moja. Ilikuwa ya kuuza, alisema, kama vile tumbaku ya wengine. Nikamwomba kinu na chungu. Nilitwanga kwake, nikakaanga viganja viwili, nikampikia. Alikunywa yote, kisha akasema kumbe hiki ndicho wanachokifuata watu. Tangu mwaka ule alinichumia zilizoiva nyekundu tupu na kuzikausha mbali na nyingine. Kila mwaka nilimpelekea doti ya kanga na kumshukuru kwa kinywa changu, na sasa nanunua kwa binti yake.

Baba mkwe aliendelea kunywa. Nitakiri jambo ambalo silipendi: nilimwekea kinyongo. Siku niliyopeleka kahawa njema kwa mara ya kwanza wazee walitazamana, mmoja akamshukuru Mungu kwa sauti, yule mama wa kashata akarudi ng'ambo ya barabara. Yeye akainywa kwa uso ule ule aliokunywea ile mbaya. Nikasema moyoni, huyu hana ulimi, au mimi kwake si mtu. Nikaishi na wazo hilo miaka kumi na moja, nikimpigia goti kila asubuhi, nikimpelekea kikombe cha kwanza cha kila chungu, kwa heshima kamili na moyo nusu.

Kisha akafa, kwa maradhi ya siku chache, mashine yake ikiwa na kanzu isiyomalizwa. Watani walishuka kutoka Newala. Mzee wangu wa jogoo alikuja na mkongojo, lakini kazi yake aliifanya. Aliwazuia wachimba kaburi mpaka walipompa chochote. Alivaa kofia ya marehemu, akaketi kwenye cherehani yake, akaigiza jinsi alivyokuwa akiinama, jinsi alivyokuwa akijibu wateja kwa nusu sauti bila kuwatazama, na watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mimi sikulia wala sikucheka. Nilikuwa na wageni wa kuwapikia.

Siku ya tatu alikuja uani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanitazama nikipepea buni. Akasema ana neno, na sasa anaweza kulisema kwa kuwa mwenyewe hayupo. Mwaka ule, alisema, hakuja Masasi kwa hiari yake. Baba mkwe alipanda Newala kumfuata, mara tu aliposikia kwamba nitapeleka kahawa kwa mwenye hoteli. Alikaa naye nusu siku nzima wakizungumzia mvua kabla hajaweza kulitoa.

"Aliniambia, mimi ni mkwe, siwezi. Wewe ni mtani, unaweza. Mcheke sana ili asikie, lakini usiondoke hujamwonyesha pa kurekebisha. Anaweka vikombe kwa vidole visivyo na ngozi, na sitaki arudi kwenye korosho."

Na wale wazee, nikauliza. Mtani akacheka peke yake. Baba mkwe alikuwa amewaambia tangu siku ya kwanza kwamba atakayeitema kahawa ile atafute fundi mwingine wa kumshonea.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema aliapishwa. Baba mkwe alijua nikipata habari nitakwenda kumshukuru, na hakujua siku hiyo atauweka wapi uso wake.

Nikaketi chini kwenye vumbi nikalia, kilio cha msiba ambacho nilikuwa sijakilia. Nililia kwa kinyongo changu, nililia kwa zile asubuhi zote. Nikasema sina tena wa kumwambia.

Mtani akaitoa ile kofia mfukoni mwa kanzu, akaivaa sawasawa, akaweka mkongojo chini. Akauinamisha mgongo, akateremsha macho kwenye mapaja yake, mikono kama imeshika kitambaa. "Sema basi," akaniambia.

Nikapiga goti. "Ahsante, Baba. Ahsante sana."

Hakuinua macho. "Nimesikia, mama," akajibu, na sauti haikuwa yake.

Nikabaki pale nimepiga goti, naye ameinama, mpaka wanawake wa jikoni walipokuja kuuliza kama kahawa ya wageni iko tayari.